Tulivyohamisha Uwanja wa Mbio Kutoka Sydney

Ndugu zangu, Jumapili ile baada ya ibada mlinizunguka nje ya ukumbi mkitaka kujua yaliyotupata safarini, nami nikawajibu kwa kifupi kwa sababu nyama ilikuwa inaungua. Leo nimekaa mezani, nawaandikia yote. Naandika kama ninavyosema. Shule yangu iliishia darasa la nne, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini nani kati yenu wenye digrii ana malori mawili yenye jina lake mlangoni? Haya, nyamazeni msome. Habari za kurudi sitazisimulia, maana hazina utamu: lori tupu, barabara ile ile, na Sydney imefungwa kama duka la marehemu. Utamu na uchungu vyote vilikuwa katika kwenda.

Mount Druitt, kabla ya kuwasha injini

Mnaukumbuka uwanja wa mbio za magari wa upande wetu huu, ule wa umbo la yai, ambao Jumamosi kelele zake zilifika hadi Toongabbie upepo ukikubali. Ulifungwa, eneo likatakiwa kwa mambo ya reli. Grace, binti yangu, anayejifunza ufundi kwenye gereji moja St Marys, alianzia mbio hapo. Wapo kati yenu waliosema, msichana gani huyo wa kushindana magari. Nawajua kwa majina, ila hayo tuyaache.

Uwanja ule ulitunzwa na mzee mmoja wa Kizungu anayeitwa Les, tangu akiwa na nywele kichwani. Ulipofungwa, akarudi mji aliozaliwa, mbali huko magharibi, mbele ya Cobar. Huko wana uwanja wao mdogo, nao ni yai, lakini udongo wake ni mwekundu, mwepesi kama unga. Magari mawili yakishapita, la tatu haliendi kwa macho, linakwenda kwa imani. Grace alishindana huko mara moja. Alirudi na vumbi kwenye meno, akasema ukuta wa zege aliuona tu ulipokuwa ubavuni mwake. Usiku huo sikulala, na sikumwambia mtu.

Kwa hiyo Les alipoomba udongo wa mfinyanzi wa uwanja wetu wa zamani upelekwe kwake, nilikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Malori ya wengine yakatangulia na sehemu kubwa. Nikamwambia Les, shehena ya mwisho naileta mwenyewe, na wa kuutandaza na kuusawazisha ni mimi.

"Umewahi kutengeneza uwanja wa mbio?" akaniuliza kwenye simu.

"Nimetengeneza barabara tangu nina jembe," nikamwambia. "Barabara ni barabara."

Akasema sawa, na Grace ndiye atakayeufungua: gari lake litakuwa la kwanza kupita hapo kwa kasi. Grace akaruka kwa furaha. Basi jueni tangu mwanzo kilichokuwa kinanitafuna njia nzima: kazi ya mkono wangu, wa kwanza kuijaribu ni mwanangu mwenyewe, na pembeni yake kuna ukuta wa zege.

Mama Grace, kama mnavyojua, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia, na siku hizo walikuwa wakichokonolewa pua kwa kipimo cha korona karibu kila wanapoingia zamu.

"Baba Grace," akasema, "habari za mjini siyo nzuri. Upande wa baharini wameshafungiwa."

"Hao wa baharini. Sisi tunakwenda jangwani."

"Ugonjwa haujui ramani."

"Mie ninaijua."

Akanitazama vile anavyotazama mgonjwa anayekataa dawa. Akatufungia sufuria ya maharage na ndizi, dagaa wa kukaanga na chapati, vyote ndani ya kitenge chake chekundu. Akasema, "Kitenge kirudi." Kwa sufuria hakusema neno.

Kupanda Milima ya Bluu

Nilitangulia na lori la kwanza. Nyuma yangu alikuwa Otieno, dereva wangu, Mjaluo wa Kisumu asiyejua kufunga mdomo. Nyuma kabisa Grace na pikapu yake, akivuta trela lenye gari la mbio. Udongo tulikuwa tumeufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na turubai juu yake. Udongo huo ukikauka unakuwa mawe. Ukinyeshewa unakuwa uji. Kila tuliposimama nilipanda juu, nikatia mkono chini ya gunia kama mama anayepima homa ya mtoto.

Huko juu baridi ilikuwa ya kung'oa masikio. Tulipoteremka hadi Lithgow tukasimama kwenye duka la mikate. Msichana wa dukani alitukaribisha vizuri, mpaka macho yake yalipofika kwenye mlango wa lori langu. Nimeandika hapo kwa rangi ya dhahabu jina langu, na chini yake Mount Druitt. Nililipa pesa nyingi herufi zile zionekane kutoka mbali, na kweli zilionekana. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaomba radhi, akafunga mlango, kisha akatupitishia pai zetu dirishani juu ya ule ubao mrefu wa kutolea mikate kwenye tanuri.

"Boss," Otieno akasema, "anatulisha kama simba wa mbuga."

"Pokea, kula."

"Napokea. Lakini simba huwa hapewi bili."

Tulikuwa bado tunatafuna redio ilipotangaza. Sydney yote imefungwa. Siyo upande wa baharini tu, yote. Na aliyekuwa Sydney siku hizo, hata kama ameshatoka, huko aliko ajifungie ndani, isipokuwa kwa kazi isiyofanyika nyumbani. Otieno akaweka pai yake juu ya boneti.

"Boss, watoto wangu wako Blacktown. Mama yao anaingia zamu hospitali. Nani atakaa nao?"

Grace akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, na mie nawawekea Kiswahili: "Baba, kama tunarudi, turudi sasa. Kama tunakwenda, twende sasa. Tusikae hapa tukitazamwa."

Nikampigia mama yake. Akasema, "Ukirudi utajifungia humu. Ukienda utajifungia huko. Unaniuliza nini, si wewe mwenye ramani?" Kisha sauti ikabadilika. "Watoto wa Otieno waletwe kwangu, nina zamu za asubuhi tu wiki hii, na Mama Diella yupo mlango wa pili. Lakini Baba Grace, huko usimsogelee mtu. Yule mzee Les usimpe hata mkono. Nimeona wazee wanavyoondoka na ugonjwa huu. Usiwe wewe wa kumpelekea."

Otieno akaongea na mkewe kwa Kijaluo, maneno mengi. Halafu akaichukua pai yake, ikiwa imeshapoa, akasema, "Twende kabla sijabadilisha nia."

Kuanzia hapo kila nilipokohoa nilizima redio nijisikilize vizuri.

Baada ya Dubbo

Tulilala ndani ya magari kwenye uwanja wa malori, tukala dagaa. Dereva wa lori la kondoo aliyekuwa jirani yetu akaja kulalamika kwamba kitu fulani kimefia chini ya gari letu. Otieno akamwonyesha dagaa mmoja kwa mbali, amemshika mkia. Yule bwana akatazama, akarudi kwa kondoo wake, akalisogeza lori.

Asubuhi, mbele ya Dubbo, polisi wakatusimamisha. Aliyekuja kwangu alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu zilizotoka pembeni mwa barakoa.

"Mmebeba nini?"

"Udongo."

"Udongo gani?"

"Udongo tu."

Akatazama magharibi, ambako hadi mwisho wa macho hakukuwa na kitu kingine isipokuwa udongo. Akanitazama mimi. "Unatoka Sydney, siku Sydney inafungwa, unapeleka udongo huku?"

Jasho likanitoka, na baridi yote ile. Nikaanza kumweleza maisha yangu: kambi, jembe, lori la kwanza. Nikadhani akijua mimi ni mtu wa aina gani atatuachia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukunja uso. Akapanda, akachoma udongo kwa fimbo ya chuma kila pembe, akitafuta sijui bunduki, sijui mtu. Aliyetuokoa ni Grace. Alishuka kwenye pikapu, akafunua gari lake la mbio, akamwambia kwa sentensi moja tunakokwenda na kwa nini. Yule kijana akatoa macho. "Kwa Les? Baba yangu alishindana kwa Les!" Wakaanza kuongea mambo ya matairi, na mimi na historia yangu tukabaki tumesimama barabarani.

Kabla hatujaondoka tukaelekezwa kwenye hema, tukachokonolewa pua wote watatu. Majibu yangekuja kwenye simu. Pua iliniwasha mpaka mji wa Nyngan, na moyo ukaendelea kuniwasha hata baada ya hapo.

Uwanjani

Mji wenyewe siutaji, watu wake wamechoka kutajwa kwenye habari. Les alikuwa ametufungulia geti na kurudi nje ya uzio. Ndani kulikuwa na karavani mbili za kulala, boza la maji, greda lao la zamani, na malundo ya udongo wa Sydney uliotangulia. Nilipouona ule udongo wa kijivu katikati ya wekundu ule wote, nilijisikia kama nimekuta ndugu ugenini. Nikaenda kumpa Les mkono kwa kusahau. Yeye mwenyewe akarudi nyuma, akainua kikombe chake cha chai kunisalimia, na tangu hapo kikombe ndicho kikawa mkono wake.

Chakula alituwekea getini, akajiondokea. Siku ya kwanza tulikuta kondoo wa kuoka, na kibakuli cha kitu kibichi kilichopondwa. Nikafurahi: isombe, kisamvu chetu! Huku jangwani! Nikajimwagia chote juu ya nyama. Ndugu zangu, ilikuwa majani ya mnanaa na siki na sukari. Otieno alicheka mpaka akalala chini. Nilikula nikamaliza, maana mie sishindwi na chakula, lakini machozi yalinitoka.

Les alileta kiti chake nje ya uzio, akawa ananisimulia huku natia mafuta kwenye greda. Alisema zamani sana, enzi za babu yake, karibu na bahari kule Sydney watu walijenga bakuli la zege la kukimbizia magari. Kingo zake zilisimama mno, mtu kwa miguu hapandi. Magari yaliruka ukingo wa juu yakatua nje, madereva wakafa, watu wakalikimbia, na leo juu yake kuna nyumba. Baadaye mbio zikahamia kwenye viwanja vya udongo walivyokuwa wakikimbizia farasi. Pikipiki kwanza, halafu magari. Uzio wa mbao ukavunjika na kuchoma watu, wakaweka zege. Vipande vya magari vikaruka kwa watazamaji, wakaweka wavu juu ya zege.

"Kila kitu unachokiona kwenye uwanja wa yai," akasema, "kiliwekwa baada ya mtu kuumia."

Akaendelea kunieleza umbo: kwenye nyoofu, pale pasipo na kona, udongo unainamia ndani kidogo, kwenye kona unainamia zaidi, na kutoka huku kwenda kule mtu asihisi mahali ulipobadilika. Wote uteremkie katikati, kwenye majani. "Na udongo mzuri utaujua," akasema, "gari likipita hautoi vumbi. Unarusha madonge." Mie nikaitikia kwa kichwa, na kabla hajamaliza nikawasha mashine. Hofu nikiwa nayo, dawa yangu ni kufanya kazi.

Nikafanya kazi. Otieno akimwaga, mie nikitandaza, Grace akinyunyiza kwa boza. Jioni ya pili uwanja ulikuwa laini kama shavu. Otieno akaupiga picha. Les, kwa mbali huko asikoweza kuona mteremko, akainua kikombe.

Kwa desturi yao, dereva haingii uwanjani kwa gari kabla hajauzunguka kwa miguu. Grace akauzunguka polepole, akiinama kila mahali. Akarudi moja kwa moja kwangu.

"Baba, umeweka mgongo."

"Ndiyo." Nikajaa fahari. "Umeuona? Katikati juu, huku na huku chini. Barabara bila mgongo ni mto. Mimi kambini nilitengeneza barabara ambayo masika matatu iliyashinda maji."

"Hii siyo barabara. Barabara ina wanaokwenda na wanaokuja, kila mtu na upande wake. Hapa nani anakuja?"

"Maji yanakuja."

"Nikipanda mgongo huo kwa kasi, upande wa pili unateremka kwenye ukuta."

Ningemsikiliza fundi mwingine yeyote ambaye angesema hivyo. Lakini huyu niliwahi kumfunga kamba za viatu. Nikamwambia, mbele ya Otieno, "Umewahi kuona barabara yangu imeua mtu?"

Akanitazama. Ana macho ya mama yake. "Sawa," akasema. "Kesho nitaiendesha kama ilivyo."

Otieno akajifanya anatafuta kitu chini ya lori.

Siku ya maji

Alfajiri nilimwaga maji ya mwisho kwa boza, uwanja mzima, mengi kama Les alivyotaka. Kisha nikapanda kilima cha udongo uliobaki katikati, nikafungua kitenge cha Mama Grace nipate chapati ya mwisho. Majibu ya vipimo hayajaja. Simu ya nyumbani haijapokelewa. Nilikuwa natafuna bila kuonja.

Grace akawasha gari. Lile gari halina sauti ya gari, lina sauti ya shuka la chuma linalochanwa. Akazunguka taratibu, kushoto, kushoto, kama wanavyokwenda, akipasha matairi moto. Jua likachomoza nyuma ya ukuta.

Hapo ndipo nikaona. Kando ya ukuta, uwanja mzima, palikuwa panang'aa. Nusu ya maji yangu yalikuwa yamekwenda katikati, kwenye majani, yanakotakiwa kwenda. Nusu nyingine yalikuwa yameteremka mgongo wangu kwenda nje, yakasimama chini ya zege, mtaro mzuri kabisa, mrefu, uliopinda na kona. Kazi safi. Kambini wangenipigia makofi. Na mwanangu alikuwa anaongeza kasi.

Yanakokwenda maji ndiko litakakokwenda gari. Na kulijua hilo hakukuhitaji darasa la tano.

Nilipiga kelele, hazikufika hata kwa Otieno. Nikateremka kilima mbio, mie na tumbo langu hili, kitenge mkononi, chapati sijui ilianguka wapi. Gari likaingia kona ya mbali, mkia ukachezea nje, ukapanda mgongo, ukateleza kwenda kwenye ule mng'aro. Akalirudisha. Sijui alilirudishaje. Nikafika kwenye nyoofu, nikasimama katikati ya udongo wangu, nikanyoosha kitenge chekundu kwa mikono miwili juu ya kichwa. Katika mbio, kitambaa chekundu maana yake ni moja. Nyekundu, wote simameni.

Lilisimama limekaa upande, karibu kiasi cha kunipa joto. Grace akavua helmeti. Nikashusha kitenge.

"Baba, ungeweza kufa."

"Shuka," nikamwambia. "Shuka unionyeshe umbo lake."

Otieno alifika akihema, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga.

Kuzunguka

Tuliufumua wote. Les akatutajia vipimo kwa kelele kutoka nje ya uzio, Grace akatembea mbele ya greda na ndoo ya maji. Kila baada ya kipande anamwaga kidogo karibu na ukuta, tunasimama, tunatazama. Yakielekea ukutani, narudia. Yakisimama yanafikiri, narudia. Yakikimbilia kwetu katikati, tunasogea. Kwenye kona nilirudia mpaka greda likachemka. Katikati ya kazi hiyo simu zetu zikalia kwa pamoja: wote watatu hatuna ugonjwa. Otieno akacheza. Mie nikatazama kiti cha Les kule nje, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibeba tangu Dubbo.

Udongo mpya wa mfinyanzi haushindiliwi kwa rola, Les alisema, utang'aa na kuteleza kama kioo. Unakanyagwa na magari, polepole, yote yakifuatana. Sisi tulikuwa na magari machache. Grace akatangulia na gari lake, mie na lori, Otieno na lori nyuma yangu. Kushoto, kushoto, mpaka kichwa kikaniuma. Kila nilipotaka kumpita, akatoa mkono dirishani kunizuia, na nikabaki nyuma yake.

Siku iliyofuata akasema yuko tayari.

Sikuweza kutazama. Niliwaambia natengeneza kamba ya turubai, nikaugeuzia uwanja kisogo, karibu na nyoofu, uso kwa uzio. Mbele yangu alikuwa Les kwenye kiti chake. Nikaamua kuutazama uso wake tu. Uwanja ule aliujua zaidi ya mtu yeyote, kama kuna baya litaanzia kwenye macho yake. Nyuma yangu sauti ikapanda, ikashuka kwenye kona, ikapanda, ikashuka. Uso wa Les haukusema kitu. Sauti ikapanda kuliko mwanzo. Kikombe kikasimama njiani kabla ya mdomo. Nikafumba macho.

Kitu kizito cha baridi kikanipiga kisogoni, paa! Kikaniteremka ndani ya shati. Nikatia mkono, nikakitoa. Donge la udongo wetu wa Sydney, lile alilolisema Les, bichi, halina chembe ya vumbi.

Nilipofumbua macho, Les alikuwa ameinua kikombe.